Fungueni Masanduku: Maneno kwa Walimu na Wauguzi Wanaokwenda Geita

Maneno haya niliyasema Jumamosi moja jioni hapa Mwanza, mbele ya walimu na wauguzi vijana waliopangiwa kazi mkoani Geita, pamoja na vijana wachache wanaokwenda huko kujitafutia. Nimeyaandika kama nilivyoyasema, ila nimepunguza pale nilipojirudia.

Wanangu, ndugu zangu, mwadila!

Walioitikia ni wa huku kwetu. Ninyi mlionyamaza, hilo liwe somo lenu la kwanza. Kwa Kisukuma, asubuhi mtu hukwambia mwangaluka, jua likishapita utosini ni mwadila. Ukipewa kitu, hata kama ni maji ya kunywa, sema wabeja. Mji mzima unazungumza Kiswahili, hamtapotea. Lakini bibi anayekuuzia michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, gulioni ukimsalimu kwa lugha yake atakuuliza umetoka wapi na unakaa kwa nani, na kesho yake akisikia unaumwa atakuja.

Mtaondokea stendi ya Nyegezi, na baada ya muda mfupi mtakuwa juu ya daraja. Tangu tarehe 19 Juni 2025 gari linapita juu ya Ghuba ya Mwanza, kilomita tatu za daraja kutoka Kigongo hadi Busisi, na abiria aliyesinzia anaweza kuvuka asijue kama amevuka ziwa. Sisi tulivuka kwa kivuko. Ulifika Kigongo ukakuta foleni ya malori, ukashuka, ukanunua samaki wa kukaanga, ukasubiri saa moja, mbili, siku nyingine zaidi. Nimeona wagonjwa wa rufaa wakisubiri ndani ya gari huku mchana unaisha. Kwa hiyo mkipita pale, fungueni macho. Watu wa ng'ambo ile waliliota daraja hilo miaka mingi.

Mimi nilivuka Januari 1999. Nilikuwa mwalimu wa daraja la III A, miaka 24, mtoto wa Lushoto ambaye hakuwa amewahi kuona ziwa. Nilikuwa na sanduku la bati ambalo baba alilinunua Mombo. Nilipopewa chumba nikatoa shuka, sufuria moja, nguo mbili za kazini na Biblia. Vilivyobaki nikaviacha sandukuni, nikafunga kufuli, nikalisukuma chini ya kitanda. Nilijiwekea mwaka mmoja niombe uhamisho.

Ikapita miaka miwili, sanduku likiwa vilevile. Siku moja nikashikwa na malaria, siku ya tatu sijafungua mlango. Jirani yangu, mama mmoja muuza dagaa ambaye sote tulimwita Mayu, akaja na uji. Akaniinua, akaninywesha, akatafuta khanga ya kunifunika. Hakuiona, maana khanga zilikuwa ndani ya sanduku. Akaliburuta, akaona kufuli. Akakaa chini akaniuliza, "Mwalimu, unangoja gari gani?"

Nilikosa jibu. Nilimpa funguo, na ninyi nimewaita hapa leo kwa sababu ya swali lile.

Katika mji wa dhahabu karibu kila mtu ana sanduku lililofungwa. Mchimbaji anasema nikipata tu narudi kwetu Kigoma. Mwenye duka la vipuri anasema nikifikisha mtaji nahamia Mwanza. Mtumishi wa serikali anahesabu miezi ya uhamisho. Mwenye nyumba naye anajenga vyumba vya kupangisha haraka haraka, choo kimoja kwa familia saba, kwa sababu anajua wapangaji wake ni wa kupita. Watu wa namna hiyo wakijaa mahali, nani atapanda mwembe? Nani atahudhuria kikao cha wazazi? Mengi mtakayoyaona Geita na kuyachukia yametokana na hilo. Wenyeji hawajawa wabaya. Watu wamejizoesha kuishi kama abiria.

Mtaambiwa dhahabu ndiyo iliyoanzisha Geita. Si kweli. Kabla Mjerumani hajafika, Walongo walikuwa wakiyeyusha chuma katika vilima vile, na majembe yao yaliuzwa hadi Usukumani. Wazinza walikuwa na watawala wao. Wajerumani waliiona dhahabu mwaka 1898, na mgodi wenyewe ukaja kufanya kazi chini ya Waingereza, kuanzia 1936. Ulikuwa mgodi wa chini kwa chini, mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki kwa wakati wake. Mwaka 1966 ukafungwa.

Hapo naomba mnisikilize vizuri. Mji huu mnaouendea kama mji wa dhahabu uliwahi kukosa mgodi mkubwa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilipofika mimi, wazee waliofanya kazi katika mgodi ule wa zamani walikuwa bado hai, nao walinieleza jinsi wenye masanduku walivyoondoka mwaka ule na wengine wakabaki. Waliobaki walilima pamba na mihogo, wakavua, wakasomesha watoto. Walikuwa watu wa kusimamia jambo. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipowaletea baraza la wilaya wasilolitaka, mamia yao walisafiri hadi hapa Mwanza kumwona mkuu wa jimbo, na hawakukubali kuondoka mpaka walipotawanywa kwa mabomu ya machozi. Kwa hiyo ukikaa na mzee wa Geita anayechunga ng'ombe wake watatu, usimwone kama mtu aliyepitwa na dhahabu. Huenda baba yake alikuwa katika msafara ule.

Mgodi mkubwa wa sasa, ule ambao watu huuita GGM, yaani Geita Gold Mine, ulianza kuzalisha mwaka 2000, na mwenye nao ni AngloGold Ashanti. Mkoa wa Geita ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa kutoka Mwanza, Kagera na Shinyanga, na mji ukapanuka kwa kasi ambayo mimi niliyeuona una barabara moja ya maana hadi leo hunishangaza. Nyankumbu palikuwa na mashamba. Leo kuna shule ya wasichana inayojulikana nchi nzima, na kuna uwanja ambao timu ya Geita Gold waliutumia kucheza Ligi Kuu ya soka. Msimu wa 2021/22 mshambuliaji wao George Mpole aliongoza kwa mabao nchini, mabao 17. Siku zile hata wanawake wa kwaya yetu walijua msimamo wa ligi.

Lakini wengi wenu hamtafanya kazi ndani ya uzio wa mgodi. Mtafundisha na kutibu watu wa nje ya uzio, kwa hiyo mjue wanavyoishi.

Mchimbaji mdogo huanza na duara, yaani shimo linaloshuka wima, limezuiwa kwa matimba ya miti ili kuta zisiporomoke. Watu hushuka kwa kamba au kwa ngazi, mawe hupandishwa kwa winchi, yanajazwa kwenye viroba. Viroba hugawanywa: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara lake, aliyelisha kazi, yaani aliyetoa pesa, lake, na wachimbaji lao. Mawe hupelekwa kwenye karasha, mashine ya kusagia mawe, unga wake huoshwa mialoni, yaani sehemu za kuoshea dhahabu, na dhahabu hukamatishwa kwa zebaki. Unga unaobaki huitwa marudio. Hautupwi, kwa maana bado una dhahabu, na wenye mitaji huununua wakauchenjue upya kwa sianidi. Nenda Mgusu, Rwamgasa, Nyarugusu, utaona kazi hiyo kuanzia alfajiri. Dhahabu yenyewe ni kidogo kuliko mnavyodhani. Hata mgodi mkubwa huvunja tani nzima ya mwamba ili kupata gramu tatu au nne, punje ndogo kuliko harage. Sasa fikiria mtu mwenye tindo na nyundo.

Ninyi wauguzi, nina maneno mawili na naomba myaandike.

La kwanza ni zebaki. Inaposhikana na dhahabu hukamuliwa kwa kitambaa, kinabaki kidonge cheupe, kisha kidonge huchomwa. Zebaki inapaa kama mvuke na dhahabu inabaki. Mvuke ule hauna harufu wala hauonekani, na ndio unaoingia mapafuni, kisha ukaenda kwenye mishipa ya fahamu. Mikono huanza kutetemeka, usingizi unapotea, mtu anakuwa mkali bila sababu, na nyumbani wanasema amerogwa. Kwa mjamzito huvuka hadi kwa mtoto tumboni. Nimeona kwa macho yangu mwanamke akichoma kidonge chake juu ya jiko la mkaa, kwenye kikaango ambacho baadaye angekaangia dagaa, na mtoto wa miezi minne mgongoni. Alikuwa mama mwema kuliko wengi. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kuna vifaa vya kuchomea vilivyofungwa, vinavyoukamata mvuke na kuirudisha zebaki itumike tena, na vinaokoa pesa pia. Kwa hiyo kila mjamzito atakayekuja kliniki, pamoja na kumpima presha na damu, muulize: kwenu dhahabu inachomewa wapi?

La pili ni kikohozi. Vumbi la mwamba kwenye karasha na duarani lina chembe ngumu kama kioo. Zinachanja mapafu, mapafu yanapata makovu, na mapafu yenye makovu ni shamba la kifua kikuu. Kijana akija na kikohozi, muulize kazi yake kabla ya kumuuliza siku ngapi. Atakwambia yeye ni mfanyabiashara. Angalia kucha zake.

Walimu wenzangu sasa. Nilikuwa na mtoto darasa la sita, sitamtaja. Hesabu za kugawanya desimali zilikuwa zimewashinda wenzake wote. Wachimbaji huigawa gramu moja katika pointi kumi, basi siku moja nikaandika ubaoni: mtu ana gramu 2.4, kuna pointi ngapi? Kabla sijashusha chaki akajibu, "Ishirini na nne, mwalimu, na kwa bei ya jana ni..." akataja hadi shilingi. Alikuwa na akili ya mzani. Baada ya vipindi alikuwa akisukuma toroli la mawe kwenye karasha, na kila Jumatatu alikuja amechelewa, matope meupe kwenye visigino. Nilimchapa kwa kuchelewa, mara nyingi. Sijawahi kumuuliza amelala saa ngapi. Muhula wa pili hakurudi, na hadi leo nikipita kwenye makarasha ninaangalia nyuso.

Hilo ni kosa langu, nimelibeba miaka mingi, na nimekuja kuwaomba msilirudie. Rashi ikitokea, yaani watu wakisikia mahali fulani mwamba umetoa, darasa lako litapungua ndani ya wiki moja. Wavulana wataenda kubeba mawe. Wasichana wataitwa kusaidia mama lishe, na wengine hawatabaki kwenye kupika. Usikae na daftari la mahudhurio ukiweka alama. Vaa viatu, mwombe mwenyekiti wa kitongoji akusindikize, nenda kule mialoni, waite kwa majina yao. Mtoto akiitwa kwa jina lake mbele ya watu na mwalimu aliyemfuata mwenyewe, mara nyingi huona haya akarudi. Nimewarudisha wengi kwa njia hiyo. Tumieni pia dhahabu yenyewe kufundishia. Mtoto anayejua kwamba pointi kumi ni gramu moja ameshaianza desimali, na anayejua kwa nini matimba yakioza duara huporomoka ameshaanza sayansi.

Na maduara huporomoka kweli. Januari 2017, kule Nyarugusu, watu 15, mmoja wao raia wa China, walifukiwa chini ya ardhi, na siku zile darasani hakuna aliyesikiliza somo, maana kila mtoto alikuwa na mjomba au kaka kule mashimoni. Walitolewa wote 15 wakiwa hai baada ya siku kadhaa. Watoto walicheza uwanjani, na sisi walimu tulilia. Si mara zote mambo huisha hivyo. Masika yakianza, Machi hadi Mei, maji hujaa mashimoni na udongo hulegea. Ndiyo miezi ambayo mtapata misiba mingi, na mtoto anayesinzia darasani huenda amekesha matangani.

Jambo la mshahara wenu nitalipitia haraka, ingawa najua ndilo mnalolisubiri. Mtaletewa dhahabu mlangoni kwa bei ya kutupa. Msiinunue. Ama ni shaba, ama ni ya wizi, na kwa vyovyote biashara ya dhahabu hufanyika sokoni. Geita ndiyo iliyotangulia nchini kuwa na soko la madini, Machi 2019, na tangu hapo mchimbaji anapima kwenye mzani unaoonekana na watu wote, serikali inachukua mrabaha wake, kila mtu anaenda zake na stakabadhi. Mtaombwa pia kulisha duara: utoe pesa za chakula na baruti, mwamba ukitoa upate fungu. Mimi nilitoa laki nane mwaka 2006. Ilikuwa pesa ya kumalizia nyumba ya mama yangu Lushoto. Duara likajaa maji, na mama alifariki kabla sijapata nyingine. Fanyeni na pesa zenu mnachotaka, ninyi ni watu wazima. Nimewaeleza tu zangu zilikokwenda.

Kuna jambo zito zaidi, na naomba simu zishushwe. Kanda yetu ya Ziwa ina jeraha. Kuanzia mwaka 2007 hivi, ndugu zetu wenye ualbino waliuawa na kukatwa viungo, kwa sababu waganga waliwadanganya watu kwamba kiungo cha binadamu huleta dhahabu au hujaza nyavu samaki. Hakuna mwamba uliowahi kutoa kwa damu ya mtu. Ukiingia darasani ukakuta mtoto mwenye ualbino, mjue siku ya kwanza. Anakaa wapi, anarudi na nani, nani anamsubiri nyumbani. Mketishe mbele, kwa sababu macho yake yana shida ya kuona mbali, na umtafutie kofia pana. Ukisikia mtu anatania kuhusu yeye, hata akiwa mwalimu mwenzako, mkataze palepale, mbele za watu.

Mengine mtayaona wenyewe. Maji ya bomba hayakufika kila mtaa, kwa hiyo nunueni madumu kabla ya kununua televisheni. Vumbi la kiangazi ni jekundu, shati jeupe lina maisha mafupi. Sato wabichi wanatoka ziwani kila siku, na dagaa mtakula hadi mzoee. Katoro mtakwenda kwa ajili ya gulio, na mtashangaa kuona mji mdogo una biashara kubwa namna ile. Mwezi wa tisa au wa kumi kuna maonesho ya teknolojia ya madini kule Bombambili. Wapelekeni wanafunzi wakaone mashine zilizofungwa zinazochoma bila moshi, na wauguzi mwende mkaongee na wachimbaji wakiwa wametulia, maana zahanatini huja wakiwa wameshaumwa.

Vijana mnaokwenda kutafuta, sina la kuwakataza. Dhahabu ipo, na watu wamejenga na kusomesha kwayo. Ingieni kwenye eneo lenye leseni, jiulizeni matimba yamebadilishwa lini kabla ya kushuka, mwachieni mtu juu jina lenu kamili na namba ya mama yenu. Nimezika vijana ambao tulijua majina yao ya utani tu. Tuliandika jina la utani kwenye msalaba.

Sanduku langu lipo hadi leo. Limepata kutu kwenye kona, tunahifadhia mbegu za mahindi. Mayu alifariki mwaka 2014, nikakaa matangani siku zote kama binti yake, na ndugu zake walipogawa vitu wakanipa beseni lake la dagaa. Ningeweza kurudi Lushoto. Nimejenga Nyankumbu.

Gari za Geita zinaanza alfajiri pale Nyegezi. Mkifika, chumba mtakachopewa, hata kama kina mlango mmoja na dirisha la mbao, siku hiyohiyo jioni toeni kila kitu sandukuni. Tundikeni nguo. Kisha tokeni nje mkamsalimu jirani wa kulia na wa kushoto kabla giza halijaingia. Ambaye bado hana chumba anione hapa mlangoni tukimaliza. Nina namba za wenye nyumba watatu wenye vyoo vizuri, na mmoja wao ana kisima.

Wabeja sana.